Kaa, Watakuja: Namna ya Kutazama Ndege wa Maji Kwenye Hifadhi ya Ardhioevu

Siku yangu ya kwanza kwenye hifadhi ya ardhioevu nilizunguka bwawa zima kwa saa tatu, nikarudi na tope hadi magotini na kumbukumbu ya mikia tu. Kila nilipofika, ndege walikuwa ndio wanaondoka. Kwenye kibanda cha kutazamia alikuwepo mzee mmoja aliyeketi tangu alfajiri. Daftari lake lilikuwa na aina 31, na alikuwa amenyanyuka mara moja tu, kunyoosha mgongo. Macho yake hayakuwa makali kuliko yangu. Mimi nilitembea, yeye alikaa, basi.

Kwa hiyo mwongozo huu ni wa kukaa. Kazi hii inataka makalio zaidi ya miguu, na karibu hatua zote zinazofuata zinahusu pa kukaa, saa ya kukaa na la kufanya ukishakaa.

1. Kabla ya kutoka, uliza mambo matatu: maji, jua, upepo

Maji kwanza. Kwenye ardhioevu kina cha maji ndicho kinachoamua nani yupo. Mwari na bata wazamiaji wanataka maji ya kutosha kuogelea. Kulasitara anasimama pale ambapo maji hayajapita urefu wa miguu yake. Ndege wadogo wa matopeni wanataka tope lililolowa lakini halijafunikwa. Bwawa lililojaa hadi kingo baada ya mvua linapendeza kwenye picha, ila ndege wa matopeni hutawaona. Wiki tatu baadaye, maji yakianza kupungua na kuacha ukanda wa tope, pale pale panajaa. Mpigie simu askari wa hifadhi au mwulize mlangoni: maji yako juu au chini? Swali hilo moja lina faida kuliko kitabu chochote utakachobeba.

Kama hifadhi iko pwani, saa yako inaamuliwa na kujaa na kupwa. Maji yakiwa yamepwa ndege wametawanyika mbali kwenye matope, vidoa tu. Yanapojaa yanawasukuma kuja ufukweni. Fika kama saa mbili kabla ya maji kujaa kabisa, kaa karibu na sehemu ya tope inayofunikwa mwisho, uwaache waletwe na maji yenyewe. Siku za bamvua husukumwa karibu zaidi kuliko siku za maji mafu, kwa sababu maji yanapanda juu zaidi na tope lote linazama. Maji yakishajaa wanasimama makundi kwa makundi mahali pakavu, wamelala kwa mguu mmoja, mdomo umefichwa mgongoni. Huo ni muda mzuri wa kuhesabu na mbaya wa kujifunza majina, maana midomo haionekani.

Jua linatakiwa liwe nyuma yako. Asubuhi basi kaa upande wa mashariki wa bwawa ukitazama magharibi, na jioni geuza. Ukilitazama jua, kila ndege anakuwa kivuli cheusi, na wanaoanza hudhani ni macho yao yana kasoro.

Upepo ukiwa mkali, bata hujificha kwenye kingo zilizokingwa, nyuma ya matete. Pia ndege hupumzika wakielekea upepo unakotoka na hupaa kwa kuukabili, kwa hiyo ukijua upepo unatoka wapi umeshajua watapaa kuelekea wapi.

Majira nayo yana neno lake. Ndege wengi wa matopeni huzalia kaskazini ya mbali, kwenye tundra za Aktiki, mwezi wa Juni na Julai, kisha hushuka kusini. Wazazi hutangulia, makinda huja baadaye, mara nyingi bila mkubwa wa kuwaonyesha njia, kwenye safari ambayo hawajawahi kuifanya. Mwaka 2022 sululu mmoja (ndege wa matopeni mwenye mdomo mrefu) wa aina ya mkia wa mistari, aliyefungwa kifaa cha setilaiti, aliruka kutoka Alaska hadi Tasmania bila kutua: kilomita 13,560 kwa siku 11. Alikuwa kinda wa mwaka huo huo. Nimeliweka hapa jambo hili kwa sababu litakusaidia hatua ya saba, tutakapofika kwenye suala la kuwafukuza.

2. Darubini, na ujue kuitumia

Darubini ya macho mawili iliyoandikwa 8x42 inamtosha mtu yeyote. Nane ni mara ngapi inavuta. 42 ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Gawa 42 kwa 8 unapata 5.25, nao ndio upana wa mwanga unaofika jichoni mwako, na alfajiri utaushukuru. Watu hukimbilia inayovuta mara kumi au kumi na mbili wakidhani kubwa ndiyo nzuri. Inavuta, ndiyo, lakini inavuta na mtetemo wa mikono yako, na eneo unaloliona linapungua, kwa hiyo bata akipiga mbizi hujui ataibukia wapi. Zile ndogo za mfukoni zinazodai kuvuta mara thelathini ziache huko huko dukani.

Sasa irekebishe, maana wengi hawafanyi hivyo na wanatembea miaka na picha yenye ukungu. Tafuta kitu kisichotikisika, kama kibao cha maandishi. Funga jicho la kulia, zungusha gurudumu la katikati hadi jicho la kushoto lione vizuri. Halafu funga la kushoto, usiguse tena gurudumu la katikati, zungusha kipete kilichopo kwenye kioo cha jicho la kulia hadi nalo lione. Kumbuka namba ya kipete. Kuanzia hapo unatumia gurudumu la katikati peke yake. Ukivaa miwani, vikombe vya macho viwe vimebanwa chini. Usipovaa, vivute juu.

Darubini kubwa ya kuwekwa kwenye miguu mitatu, inayovuta kati ya mara 20 na 60, ni kitu kizuri kwenye bwawa pana, lakini si ya mtu wa siku ya kwanza. Na hata aliye nayo, jua likishapanda hewa juu ya maji inacheza kama moshi na kuvuta zaidi kunakuza hiyo michezo tu. Rudi mara 20 na uridhike.

Vingine: daftari na penseli (wino hutoka ukilowa, penseli haitoki), nguo za rangi iliyofifia, kofia, maji ya kunywa, dawa ya mbu. Palipo na kichocho usiingie majini kwa mguu mtupu, na palipo na mamba au kiboko usiondoke njiani kabisa.

3. Ingia kibandani kama mwizi

Kibanda cha kutazamia kinafanya kazi kwa sababu ndege wamezoea umbo lake. Hawajazoea mkono unaochomoza dirishani, wala lenzi ndefu inayotolewa nje na kuzungushwa. Ingia, funga mlango taratibu, kaa, halafu ndipo ufungue dirisha kidogo kidogo. Zima mlio wa simu. Ongea kwa sauti ya chini. Maji hupitisha sauti mbali kuliko unavyodhani. Kama hakuna kibanda, kaa chini ya mti au mbele ya kichaka ili umbo lako limezwe. Usisimame juu ya tuta, ambapo unaonekana na hifadhi nzima.

Ukikuta watu, salimia kwa kunong'ona na uulize nini kimeonekana. Watazamaji ndege ni watu wa maneno machache hadi uwaulize swali hilo.

4. Dakika kumi za kwanza usiguse darubini

Hapa ndipo wengi wanapokosea, nami niliwahi kuwa kiongozi wao. Ukishika darubini mara tu ukikaa, unaona ndege mmoja na unapoteza bwawa. Tazama kwa macho matupu. Ligawe eneo vipande: maji ya kina, maji ya kufika kifundo cha mguu, ukanda wa tope, ukingo wa matete, na anga. Jiulize kwenye kila kipande kuna nini kinachosogea. Baada ya hapo inua darubini na uipitishe polepole kutoka kushoto kwenda kulia, ukianzia karibu kabisa na miguu yako. Ndege waliofichika vizuri kuliko wote kwa kawaida wako mita kumi mbele yako.

Ukingo wa matete upe muda wake. Kukuziwa na jamaa zake hutoka kwa dakika moja, wakavuka uwazi, wakapotea. Chagua pengo moja kati ya matete na ulitazame robo saa. Ni kazi ya kuchosha na ndiyo inayolipa.

5. Tazama anavyokula kabla ya kuuliza jina

Mtu mpya huuliza, "Yule mweupe anaitwaje?" Uliza badala yake, "Yule mweupe anafanya nini?" Namna ya kula itakufikisha kwenye familia yake hata akiwa mbali na rangi zake hazionekani.

Anayekimbia hatua chache, anasimama ghafla, anadonoa, anakimbia tena: huyo ni kitwitwi au nduguye. Ana macho makubwa na mdomo mfupi, anawinda kwa kuona. Anayetembea bila kusimama huku mdomo ukichoma tope kama sindano ya cherehani ni wa ukoo mwingine, wanaowinda kwa kugusa. Ncha ya mdomo wao ina mishipa ya fahamu inayohisi mnyoo aliye ndani ya tope bila kumwona. Ndiyo maana wanaweza kula usiku, na ndiyo maana tope likikauka na kuwa gumu wanaondoka siku hiyo hiyo. Sululu mwenye mdomo mrefu uliopinda chini anafika kwenye mashimo ambayo wengine hawafiki, kwa hiyo utamkuta akila pamoja na wadogo bila ugomvi. Kila mmoja ana ghorofa yake.

Anayefagia maji kushoto na kulia, mdomo umefunguka kidogo, na ncha yake bapa kama kijiko, ni domokijiko. Mwenye mdomo mwembamba uliopinda kwenda juu anafagia pia, lakini huyo ni mweusi na mweupe na mdogo zaidi. Heroe anaingiza kichwa majini juu chini, akisukuma maji kwa ulimi kupitia vichujio vya mdomo. Rangi yake ya waridi inatokana na chakula, si ya kuzaliwa nayo, na kinda wake ni wa kijivu.

Kulasitara hafanyi lolote. Anasimama. Niliwahi kumtazama mmoja dakika arobaini, nikimsifu kwa uvumilivu, hadi jua lilipogeuka nikaona ni kisiki. Ila akiwa ndege kweli, shingo itarudi nyuma taratibu kama upinde kabla ya pigo.

Kwa bata, angalia kama mkia unabaki juu. Wapo wanaopinduka, kichwa chini na mkia hewani, wakila kwenye maji mafupi; hao wakishtuka huruka wima kutoka majini. Wapo wanaozama mzima mzima. Hao hulazimika kukimbia juu ya maji wakipigapiga miguu kabla ya kupaa. Kibisi naye huzama bila kishindo kama aliyevutwa kutoka chini, na msimu wa makinda huwabeba mgongoni, vichwa vikichungulia kwenye mabawa.

Mnandi na mbizi utawaona wamesimama mabawa wazi kama nguo kwenye kamba. Manyoya yao hulowa kuliko ya bata, jambo linalowasaidia kuzama, kisha inabidi wayakaushe. Mbizi ni yule mwenye shingo nyembamba mithili ya nyoka, anayeogelea kiwiliwili kikiwa kimezama chote.

6. Sasa jina

Majina ya Kiswahili ya ndege wa maji yana utata: watu wengi huita korongo kila kilicho na miguu mirefu. Kuna kipimo kimoja kinachotatua nusu ya ugomvi huo, nacho kinaonekana wakiwa angani. Kulasitara na yangeyange huruka shingo ikiwa imekunjwa, kichwa kimerudi mabegani. Korongo walio wengi, kwarara (yule mwenye mdomo mrefu uliopinda chini) na domokijiko huruka shingo imenyooka mbele. Mwari hukunja, lakini mwari humkosei.

Kwa wadogo wa matopeni, ambao wote ni kahawia na wote wanakasirisha, usianze na rangi. Anza na mdomo na uupime kwa kichwa chake mwenyewe: je, ni mfupi kuliko kichwa, unalingana nacho, au ni mara mbili? Umenyooka, umepinda juu, umepinda chini? Kisha miguu: mirefu kiasi gani, na rangi gani, ukikumbuka kuwa tope hupaka kila mguu rangi moja. Kisha ukubwa, na hapa usikisie kwa sentimita. Tafuta ndege unayemjua jirani yake na useme ni mkubwa au mdogo kuliko huyo. Ndege aliye peke yake kwenye tope tupu hana ukubwa. Nimewaona watu wazima wakimkadiria mara mbili ya alivyo.

Mwisho subiri aruke. Mstari mweupe kwenye bawa, kiuno cheupe, mkia wenye pete, vyote hivyo hufichika akiwa chini. Sekunde mbili tu, na unatakiwa uwe umeshaamua utatazama nini: bawa, kiuno, mkia, kwa mpangilio huo.

Usistaajabu bata dume akikosa rangi zake. Katika aina nyingi, baada ya msimu wa kuzaliana, dume huvaa manyoya kama ya jike na manyoya yote ya kurukia hudondoka kwa pamoja. Kwa majuma kadhaa hawezi kuruka kabisa. Na usidhani siku zote dume ndiye mkubwa: kwa sile-maji, yule anayetembea juu ya majani ya yungiyungi kwa vidole virefu, jike ni mkubwa zaidi, na katika aina nyingi za ukoo huo dume ndiye anayelalia mayai.

Programu za simu kama Merlin zinasaidia, hasa kwa sauti, lakini zichukulie kama rafiki anayependa kubahatisha. Ikikuambia jina, mtafute ndege kwa macho. Na usipige sauti ya ndege kutoka kwenye simu ili umwite. Unamtoa kazini kupigana na adui asiyekuwepo.

7. Jua dalili za kumsumbua kabla hajaruka

Akiinua kichwa na kuacha kula, ameshakuona. Vichwa vya kundi zima vikiinuka, wewe umeshafika mbali mno. Wakianza kutembea au kuogelea kukupa mgongo, au mmoja akitoa sauti kali fupi, rudi nyuma hatua kadhaa, usisubiri waruke ndipo uombe radhi. Sululu aliyemaliza safari ya siku kumi na moja ametua akiwa amechoma mafuta yake karibu yote, na kila anaporushwa analipa kwa akiba aliyokuja kuitafuta. Bata asiye na manyoya ya kurukia hana hata hiyo njia. Mbwa abaki nyumbani, droni pia. Kiota ukikikuta kwa bahati, ondoka kwa njia uliyojia na usipige picha.

Ndege mfu au anayeyumba usimguse. Homa ya mafua ya ndege hupita humo. Mwambie askari wa hifadhi mahali ulipomwona.

8. Kuhesabu

Ukishaweza kutaja aina tano, anza kuhesabu, maana hesabu ndiyo inayofanya kutazama kwako kuwe na maana kwa mtu mwingine. Tangu mwaka 1967 ndege wa maji huhesabiwa kila Januari katika sensa ya kimataifa inayoratibiwa na shirika la Wetlands International, na sehemu kubwa ya wahesabuji ni watu wa kujitolea. Takwimu za namna hiyo zina uzito: chini ya Mkataba wa Ramsar, uliotiwa saini Iran tarehe 2 Februari 1971, ardhioevu inaweza kutambuliwa kuwa ya umuhimu wa kimataifa ikiwa mara kwa mara ina ndege wa maji 20,000, au asilimia 1 ya ndege wote wa aina au jamii moja.

Kundi dogo hesabu mmoja mmoja. Kundi kubwa, hesabu kumi kwa uangalifu, utazame kumi hao wanachukua nafasi kiasi gani, kisha ulipime kundi kwa kipande hicho: kumi, ishirini, thelathini. Wakiwa maelfu, tengeneza kipande cha mia. Hesabu kutoka kushoto kwenda kulia, halafu rudia kulia kwenda kushoto. Majibu mawili yakipishana sana, hesabu ya tatu. Piga picha, ukifika nyumbani uwahesabu kwenye picha. Utagundua kama wewe ni mtu wa kuzidisha au wa kupunguza. Mimi ni wa kupunguza, karibu robo.

Andika papo hapo: tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, hali ya maji, upepo, aina, idadi, na walichokuwa wakifanya. Usiyemjua mchore, hata kama mchoro wako unafanana na viazi viwili na kijiti. Ukipenda, ingiza orodha kwenye eBird, hazina ya mtandaoni ya kumbukumbu za ndege iliyoanza mwaka 2002, mahali ambapo wengine wataiona.

Ukimwona ndege mwenye pete ya rangi mguuni, andika ni mguu gani, juu au chini ya goti, rangi ya pete, na herufi au tarakimu zinasomekaje. Kazi hii ya pete ilianza Denmark mwaka 1899, Hans Christian Mortensen alipowavalisha ndege pete za aluminiamu zenye namba. Usiposoma tarakimu zote, andika ulizoziona na uache nafasi kwenye zilizobaki. Usijazie kwa kukisia.

9. Nusu saa ya mwisho

Wengi huondoka jua likianza kushuka. Mlangoni uliza hifadhi inafungwa saa ngapi, na kama wanaruhusu, baki. Yangeyange na kwarara watakuja kwa mistari kutoka pande zote kulala kwenye matete au miti iliyosimama majini, na hapo kuhesabu ni rahisi kuliko saa yoyote ya mchana kwa sababu wanapita mbele yako kundi baada ya kundi. Weka alama ya kijiti kwa kila kumi. Giza likishaingia na kelele za kugombania matawi zimetulia, funga dirisha polepole kama ulivyolifungua, na tochi uielekeze miguuni mwako mpaka utoke.